Nilijenga Kivuko kwa Neno la Mtani

Nimekosa. Naliweka neno hilo mwanzoni kwa makusudi, kwa sababu nikiliacha mwisho nitapata njia ya kulikwepa; nina elimu ya kutosha kufanya hivyo.

Niliziba kijito. Sikukusudia, wala sikukiziba chote, lakini nilikiziba kiasi cha kumharibia maisha mtu ambaye hakuwa amenikosea lolote. Tena nilikiziba kwa saruji niliyoinunua mwenyewe, nikiwa nimevaa kofia na kuisimamia kazi kama Mjerumani wa zamani.

Nakuandikia wewe usiyenijua, maana wanaonijua wamekwisha kuchoka kunicheka. Sitataja jina langu wala jina la kijito. Inatosha ujue kwamba ninaishi pembezoni mwa Songea, upande wa barabara iendayo Namtumbo, mahali ambapo mji umechoka kuwa mji na shamba halijaamua kuanza. Nilifundisha sekondari hadi nilipostaafu. Somo langu lilikuwa jiografia. Naam, jiografia! Nimechora mito ya dunia nzima ubaoni kwa chaki ya buluu, halafu nikashindwa na kijito kinachopita nyuma ya choo changu.

Choo chenyewe, nilikuja kuambiwa, nacho kimejengwa mahali pasipostahili. Lakini tuungame jambo moja kwa wakati.

Wote waliopita mikononi mwangu wanajua kwamba sipokei maneno ya kuokota. Mtu akiniletea habari, humuuliza: umeiona au umeisikia? Akisema ameisikia, humrudisha alikotoka. Niliwahi kumrudisha katekista aliyekuja kunipa taarifa ya msiba. Marehemu alikuwa amekufa kweli, lakini kanuni ni kanuni.

Sasa sikiliza jinsi mtu wa kanuni alivyojiangusha.

Ng'ambo ya kijito ndiko liliko shamba langu la mahindi. Miaka yote tulivuka kwa magogo mawili yaliyolazwa sambamba, na maji yalipita chini yake yakifanya yatakavyo. Hayakumdai mtu chochote.

Juu kidogo ya magogo, upande yanakotoka maji, ndipo alipokuwa na vinyungu vyake shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mjane anayelea wajukuu. Kama hukukulia huku nyanda za kusini, vinyungu ni bustani za bondeni, matuta yanayolimwa kiangazi karibu na maji wakati kwingine kote kumekauka. Yeye hulima nyanya na maharage. Akivuna huuza sokoni mjini, na mauzo hayo ndiyo yanayomnunulia mbegu ya mahindi na mbolea ya masika. Kinyungu kikifa, masika yake nayo yamekufa. Jambo hilo nililijua. Naomba uliweke moyoni unaposoma: nililijua.

Magogo yenyewe hayakuwa na kosa. Kosa lilianza siku nilipoanguka.

Naam, nilianguka! Wakati ule nilisema kwamba nilipoteza mizania, lakini kwa kuwa naungama, niseme lililokuwa: niliteleza, nikaanguka kama gunia, nikakaa kitako majini, kofia ikaenda zake upande wa Ruvuma. Hilo lisingekuwa neno kama pasingekuwa na shahidi. Shahidi alikuwa Mtani.

Mtani ni jirani yangu, Myao wa Nalasi kule Tunduru, mfanyabiashara wa korosho aliyehamia hapa zamani. Mimi ni Mngoni. Kwa utani wa makabila yetu anayo haki ya kunitukana hadharani, kuchukua kuku wangu pasipo kuomba, na kuvuruga matanga yangu siku nitakayokufa. Mimi nina haki hizo hizo juu yake, ila yeye hupenda zaidi kuzitumia.

Aliponiona majini hakuninyooshea mkono. Alijitupa chini kwenye nyasi akaanza kuomboleza.

"Jamani, njooni! Mngoni wangu amezama! Leteni sanda! Leteni ubani! Innalillahi, mtumwa wangu amekufa maji ya kuoshea bata!"

"Nyamaza, Myao," nilimwambia, nikitafuta miwani.

"Maiti inasema! Ee Mola, tumekosa nini? Babu zako walivuka Zambezi na ngao mkononi, Mwalimu! Zambezi yenye mamba! Wewe kijito cha magotini kimekulaza!"

Wanawake waliokuwa wakifua chini kidogo walicheka hadi nguo zikawaponyoka. Hata shemeji yangu, aliyekuwa akipalilia matuta yake, alijificha uso kwa kanga, na mabega yakawa yanamtikisika.

Siku ile ile niliamua kujenga kivuko cha zege.

Ndugu yangu, chunguza sababu zinazowafanya watu wajenge. Utaambiwa maendeleo, utaambiwa usalama wa watoto. Mimi nilimwambia mwenyekiti wa mtaa kwamba ni kwa ajili ya wazee wenye magoti mabovu. Uongo mtupu! Nilijenga kwa sababu nilichekwa na Myao.

Kabla ya kuanza, akili ya zamani ilinigusa kidogo. Nilijua kwamba mito ina sheria zake. Nilikuwa nimesikia habari ya mita sitini, ile mipaka kando ya maji ambayo kila mtu anaijua kwa jina na hakuna anayeipima. Basi jioni moja, nikiwa nimekaa na Mtani barazani kwake tukitafuna korosho zake mbovu, nilimuuliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa:

"Hivi, kivuko kidogo namna hii kinahitaji kibali?"

Mtani hakucheka. Huo ndio ubaya wa Wayao, hucheka kwa ndani. Alitafuna, akameza, akasema kwa sauti ya hakimu:

"Kibali ni cha madaraja yapitayo magari, Mwalimu. Kivuko cha miguu ni mali ya mwenye miguu. Kwani babu yako pale Zambezi alipewa kibali na nani?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Sikumuuliza kama ameiona sheria hiyo au ameisikia. Sikumuuliza ni kifungu gani. Mimi, niliyemrudisha katekista! Nililipokea neno lile kama mtu anavyopokea maji ya kunywa, kwa kuwa lilikuwa linakwenda nilikokuwa ninakwenda. Ofisi inayosimamia maji ya bonde ninaipita kila niendapo mjini kununua gazeti. Niliipita tena wiki ile, na nakumbuka niligeuza uso upande wa pili kama mtu aliyemwona anayemdai.

Mke wangu, ambaye hana cheti cha jiografia, aliniuliza, "Umekwenda kuuliza?"

"Nimeuliza," nilijibu. Na kweli nilikuwa nimeuliza!

Nikamwita fundi. Fundi huyu alikuwa mtu wa kutii, na hakuna janga kubwa kuliko fundi mtiifu mikononi mwa mwalimu mstaafu. Aliniuliza kalavati, yaani bomba la zege la kupitishia maji, liwe la ukubwa gani. Nikashuka na rula ya mita, nikaupima mkondo.

Niliupima mwishoni mwa kiangazi. Mwezi ule hata vyura wamekihama kijito, na maji yanatiririka membamba kama mkojo wa mtu wa umri wangu. Nikaandika kipimo, nikaongeza kidogo kwa ajili ya tahadhari, nikaridhika. Huyu ni mtu aliyefundisha kwamba mto hupimwa kwa masika yake! Nimewachapa watoto wa watu kwa kosa hilo hilo.

Kisha nikaagiza bomba lisilazwe chini kwenye kitanda cha kijito, bali liinuliwe kidogo lisijae matope. Fundi alisita.

"Mwalimu, si maji yatasimama kwanza huku nyuma ndipo yalifikie bomba?"

"Yatasimama kidogo, kisha yatapita," nilimjibu. "Maji hutafuta usawa wake."

Kanuni ni sahihi kabisa. Sikujiuliza tu usawa huo utapatikana juu ya matuta ya nani.

Palikuwa na mkuyu mkubwa ukingoni, mizizi yake imening'inia majini kama ndevu. Ulikuwa unazuia mstari wangu. Wazee wenzangu wakaja kuniambia mkuyu ule haukatwi.

"Kwa sababu gani?" niliwauliza.

"Haukatwi tu, Mwalimu."

"'Haukatwi tu' si sababu. Mmeona kitu au mmesikia?"

Wakakiri kwamba wamesikia. Nikaukata! Udongo wa kujazia tuta nao niliuchimba pale pale ukingoni, palipokuwa na mizizi, kwa kuwa palikuwa laini na karibu. Zege tulilichanganyia majini, tukaosha na makarai humo humo. Siku mbili kijito kilikwenda cheupe kama togwa, na akina mama waliokuwa wakiteka maji huko chini wakapandisha matusi ambayo sikuyajibu, kwa kuwa yalikuja kwa njia ya masimulizi.

Kivuko kilipokamilika kilipendeza sana. Sikatai hata leo. Nilivuka kwa hatua za taratibu, mikono nyuma, nikageuka, nikavuka tena. Mtani akaja, akakitazama, akauliza kaburi hilo ni la nani.

Siku chache baadaye shemeji alibisha hodi.

"Shikamoo, Shemeji."

"Marahaba. Karibu kiti."

"Nimeshakaa sana, Shemeji. Maji yamepanda kwenye nyanya."

"Yamepanda kiasi gani?"

"Yamepanda."

"Umepima?"

Akanitazama. Ni mwanamke mpole, hana kelele. Dada yake ndiye aliyechukua kelele zote za ukoo.

"Nipime nini, Shemeji? Nimesimama ndani yake."

Unaona? Mtu ambaye miguu yake ilikuwa imelowa hadi vifundoni alinijia na ushahidi wa macho, wa miguu, wa pindo la kanga lenye matope, nami nikamwomba ushahidi! Nilimwambia kwamba hisia si kipimo. Nikachukua fito, nikaichora alama, nikaenda kuisimika kando ya matuta yake, nikamweleza kwamba tutaisoma kila asubuhi na kuamua kwa haki. Naye akanishukuru. Alinishukuru, jamani!

Fito ilisema maji yamepanda. Siku iliyofuata ikasema vilevile. Majani ya nyanya yakaanza kugeuka manjano kutokea chini. Nikasema huenda ni mnyauko, ugonjwa upo, nimeusoma. Maharage yakalala. Nikasema tusubiri.

Mke wangu aliacha kuniwekea chumvi kwenye mboga.

"Bomoa hicho kitu, Mzee," aliniambia mezani. "Nyanya zikingali na uhai, bomoa."

"Nibomoe kwa msingi gani? Tathmini haijakamilika."

"Tathmini! Mdogo wangu anaozewa na bustani, wewe unasoma fito kama mganga anayesoma hirizi!"

Niliona ananitukana. Kumbe alikuwa ananipa nafasi ya mwisho. Nyundo ilikuwepo, sululu ilikuwepo, fundi alikuwa anapatikana. Kazi ya asubuhi moja ingeiokoa nusu ya bustani. Lakini kubomoa kungeonekana na watu wote, na Mtani angeomboleza upya. Basi nikazipima nyanya za mjane dhidi ya kicheko cha Myao, nikakichagua kicheko! Hilo ndilo kosa lenyewe. Mengine yote ni udongo na saruji.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, kubwa, bila kubisha hodi. Ilikuja na majani makavu, mabua ya mahindi, matawi, ndala moja, na uchafu wote ambao bonde lilikuwa limeuhifadhi tangu masika yaliyopita. Takataka zile zilifika kwenye mdomo wa bomba langu, zikajipanga, zikauziba kama kizibo cha chupa.

Nilikuwa nimesimama na mwavuli, upande wa nyumbani. Maji yalipanda, yakageuka ziwa. Yalipokosa njia yakatafuta penye udhaifu, nayo hayakutafuta sana, kwa maana nilikuwa nimeyaandalia: pale nilipokata mkuyu, pale nilipochimba udongo. Ukingo ulikatika kipande kizima, kama mkate wa kumimina unavyokatwa. Tuta langu likaenda. Matuta ya shemeji, yaliyokuwa yameloa na kulegea kwa wiki nzima, yakateremka nalo. Nyanya zilipita mbele yangu zikielea, nyekundu, zilizoiva na zisizoiva, zikielekea kwa wenyewe huko chini.

Shemeji alikuwa ng'ambo. Alikuwa amekivua kiatu kimoja na kukishika mkononi, sijui kwa nini, na alikuwa akizitazama.

Bomba lenyewe halikwenda. Lilibaki juu, limening'inia katikati ya hewa, limekauka. Lipo hadi leo akilini mwangu.

Mwenyekiti wa mtaa akapiga simu mjini, na ofisi ikamtuma afisa. Alikuwa mama mmoja mgeni wa mkoa huu, mtu wa Kanda ya Ziwa kwa jinsi alivyosema, mwenye buti za mpira na asiye na muda wa salamu ndefu. Watu wakakusanyika kijitoni kama kwenye mnada. Akashuka, akapima, akatazama bomba, akachungulia shimo ambalo maji yalikuwa yameanza kulichimba pale bomba lilipokuwa likiyamwaga chini.

"Kambale anapanda mto mvua zikianza," alisema. "Hapa angepandaje? Mlimwekea ngazi?"

Watu wakacheka. Nikatazama kofia yangu mpya.

"Bomba ni jembamba. Limewekwa juu badala ya kuzamishwa chini usawa wa kitanda cha mto. Mti wa ukingoni umekatwa, na mizizi ndiyo iliyokuwa imeushika huu ukingo. Udongo umechimbwa hapa hapa. Saruji imeoshewa majini. Mzee, katika makosa yote yawezekanayo, ni lipi uliloliacha?"

"Nilijenga kiangazi," nilijibu.

"Hilo moja umepata," akasema, na kwa haki akaandika. "Kibali kiko wapi?"

"Niliambiwa kivuko cha miguu hakihitaji kibali."

"Uliambiwa na nani?"

Na hapa, ewe usiyenijua, nilifungua kinywa changu mbele ya mtaa mzima, mimi mzee mwenye mvi, mwalimu wa walimu, nikasema:

"Na Mtani."

Kicheko kikaanza kama mvua juu ya bati, tone moja, mawili, halafu kikamwagika chote. Walicheka wazee, wakacheka watoto, akacheka mwenyekiti aliyepaswa kulinda utulivu. Mama mmoja alishika mti asianguke. Kwa maana hapa kwetu hata mtoto anayenyonya anajua: neno la mtani halifungi wala halifungui. Akikwambia nyumba yako inaungua, kwanza unacheka, halafu unanusa. Hakuna mtu tangu dunia kuumbwa aliyewahi kumtaja mtani kuwa mamlaka!

Afisa aliangaza huku na huku, kalamu mkononi, akitafuta aandike nini.

"Huyo Mtani," akauliza kwa dhati, "ni afisa wa idara gani?"

Nadhani baadhi yao wanacheka hadi sasa.

Wawili tu hawakucheka. Mmoja alikuwa shemeji. Mwingine alikuwa Mtani mwenyewe, aliyesimama nyuma ya watu, barakashia mkononi, uso umemsawijika.

Ingekuwa imeishia kwenye kicheko, nisingeungama, kicheko ningekimeza. Lakini yule afisa alikuwa mwadilifu, na mwadilifu akishaifungua futi yake hapimi kosa la mtu mmoja. Alikwisha kunipima mimi. Akageuka, akayaona mabaki ya matuta, akapima kutoka ukingoni.

"Na hii bustani ni ya nani?"

"Yangu, mwanangu," alisema shemeji.

"Mama, iko ndani ya mita sitini. Hairuhusiwi kulima hapa. Sikuadhibu, umeshapata pigo. Ila kiangazi kijacho usirudi hapa. Panda juu."

Kwa miaka mingi matuta yale yalikuwa pale na hakuna ofisi iliyoyaona. Hayakuwa yamemziba mtu wala kumchafulia. Ni mimi niliyeileta futi! Nyanya za mwaka mmoja ningeweza kuzilipia, lakini bonde lenyewe sina uwezo wa kumrudishia. Ukinibishia kwamba sheria ni sheria, sitakubishia, nimeifundisha mwenyewe. Nakwambia tu kwamba iliingia kwake kwa kupitia mlango nilioubomoa mimi.

Jioni Mtani alikuja kwangu. Alikaa bila kuombwa, hakumshika kuku, na ndipo nilipoogopa.

"Mwalimu," alianza, "mimi nilikuwa nakutania."

"Najua."

"Nilikutajia Zambezi! Mtu akikutajia Zambezi kwenye habari ya kibali unategemea nini? Nilikuwa nasubiri ucheke, nami nikwambie uende ofisini. Ukatikisa kichwa. Nikasema huyu naye ananitania, anajifanya ameamini. Wallahi, hadi fundi alipokuja nilidhani unanitania." Akafuta uso kwa kiganja. "Kwa nini hukucheka, ndugu yangu?"

Miaka yote ile hakuwahi kuniita ndugu yangu. Jibu nimelipata baadaye, nikilima peke yangu, nalo ni hili: mimi sikuwahi kuchukia maneno ya kusikia. Nilichukia maneno yasiyonipendeza. Lililonipendeza nililimeza bila kutafuna, ingawa lilitoka kinywani mwa mtu aliyepewa na mila leseni ya kunidanganya. Lisilonipendeza nililiwekea fito na alama, ingawa lilikuja na matope ya kweli miguuni. Nimeishi miaka mingi nikiita hali hiyo elimu.

Amri ilikuwa kuondoa zege lote kwa mikono, kuusawazisha ukingo, kupanda matete na miti ya maji pale nilipochimba. Faini niliilipa na haina hadithi. Nilibeba mawe mimi na fundi, na Mtani alikuja kubeba pia, kimya, jambo lililowatisha watu kuliko gharika yenyewe. Sasa tunavuka kwa miguu majini, suruali zimekunjwa, hadi kibali cha kivuko kingine kitakapotoka. Safari hii nimekiomba. Nimeketi kwenye benchi la ofisi ile ile niliyokuwa nikiipa kisogo, kama wagonjwa wengine.

Kwa shemeji nilikwenda na mbegu na mifuko ya mbolea juu ya baiskeli. Nilikuwa nimeandaa na hotuba. Alinisikiliza hadi mwisho, akanikaribisha togwa, kisha akasema:

"Rudi nayo, Shemeji. Ukinipa mbolea, mwakani utasema ulinisaidia."

Nilikasirika! Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimekasirika, nikisukuma baiskeli, nikitunga majibu. Nilipofika nyumbani mke wangu alitazama mifuko, akanitazama mimi, akaingia ndani. Ndipo nikatambua kwamba mjane yule alikuwa amenijua kwa ukamilifu kuliko wakaguzi wote walionikagua.

Basi ninyi mnaopanga kujenga kivuko kwenye kijito cha nyuma ya nyumba, iwe ni kwa gogo, kwa mawe au kwa zege, nisikilizeni mzee niliyekwisha kuaibika na hivyo sina sababu ya kuwadanganya. Nendeni ofisini kabla ya kwenda dukani. Kipimeni kijito kwa alama za masika yaliyopita kwenye miti, kiangazi kitawadanganya. Bomba liwe pana kama kijito chenyewe au zaidi, na tumbo lake lizame chini, samaki apite na takataka zipite. Mti wa ukingoni uacheni; na mkiambiwa haukatwi tu, itafuteni sababu badala ya kutafuta shoka. Udongo chukueni mbali, na zege lichanganywe mbali. Zaidi ya yote, kabla ya kuchimba chochote, pandeni juu ya mkondo mkabishe hodi kwa kila mwenye tuta, kisha mshuke chini mkabishe hodi kwa kila mwenye ndoo. Na atakayewaambia kwamba amelowa, mwamini! Msimwombe kipimo.

Kama ushauri niliowapa ni wa kusikia tu kwenu, msiukubali. Nendeni mkasome.

Naandika haya mvua imekatika, na watu wanakwenda kupalilia. Shemeji amepita barabarani sasa hivi na jembe begani. Anakwenda kulima kibarua kwenye shamba la mtu, na kwake magugu yanasubiri zamu. Nilikuwa barazani. Ningeweza kuingia ndani, nami nilitamani, lakini alikwisha kuniona.

Akasimama, akashusha jembe kama alivyolelewa, akainama kidogo.

"Shikamoo, Shemeji."

Sauti yake haikuwa na kinyongo hata chembe, na sikupata pa kuiweka.